Saa ya Setilaiti Inapokosea: Pima Kwanza Ukubwa wa Kosa

Saa inayojirekebisha kwa mawimbi ya setilaiti haikosei ovyo. Saa ya kawaida ya ukutani hupotea kidogo kidogo, leo nusu sekunde na wiki ijayo sekunde nzima, lakini hii hukosea kwa kiasi maalumu: saa tatu kamili, saa sita kamili, sekunde 18, miaka kumi na tisa na ushei, au nanosekunde 150 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde). Kila kiasi kina chanzo chake, na fundi aliyekwisha kuujua ukubwa wa kosa huwa yu karibu na dawa yake kabla hajagusa kitufe hata kimoja. Anayeanza kwa kubofyabofya menyu mara nyingi huondoka ameacha makosa mawili palipokuwa na moja, kwa kuwa amevuruga mpangilio uliokuwa sahihi.

Yafuatayo nimeyapata katika kuhudumia saa za aina hii mjini Kigoma na Tabora, katika vyumba vya mitambo ya redio na ya simu, na mara chache katika vituo vya kupoza umeme. Kabla ya yote, tafuta saa ya kulinganishia. Simu ya mkononi haitoshi ikiwa unawinda sekunde moja, kwani saa inayoonekana kwenye kioo chake inaweza kuwa imechelewa bila mwenyewe kujua. Tumia kipokezi kingine cha setilaiti, au kompyuta iliyounganishwa na seva za muda zinazoaminika kwenye intaneti, ambayo kwa kawaida hukosea kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Andika tofauti uliyoiona, pamoja na tarehe. Ndipo uendelee.

Tofauti ya saa tatu au saa sita

Setilaiti hazijui Tanzania iko wapi. Kipokezi hupata muda wa setilaiti, hukokotoa muda sanifu wa dunia, yaani UTC, kisha huongeza saa tatu tulizoziweka katika mipangilio ili tupate muda wa Afrika Mashariki. Ikiwa saa iko nyuma kwa saa tatu kamili, inaonyesha UTC tupu na hakuna aliyeiwekea ukanda wa saa, au umeme ulikatika na mpangilio haukuwa umehifadhiwa. Weka +3, hifadhi, zima, washa tena, uhakikishe kwamba mpangilio umebaki. Kipengele cha kubadilisha saa kwa majira ya kiangazi kizimwe kabisa, kwa kuwa Tanzania haina desturi hiyo.

Kosa la saa sita ndilo linalonishughulisha zaidi, kwa sababu kwetu sisi Waswahili linajificha. Vifaa vingine havimwulizi mtumiaji muda wetu unaizidi UTC kwa kiasi gani. Vinauliza kinyume chake, yaani ni saa ngapi ziongezwe kwenye muda wetu ili kuipata UTC, na jibu lake ni -3. Fundi aliyezoea aina moja akikutana na nyingine huweka alama isiyostahili, na saa hurudi nyuma saa sita nzima. Sasa tazama kinachotokea. Saa nane mchana, ambayo kwa hesabu ya kimataifa ni 14:00, kifaa hicho kitaandika 8:00. Anayepita anasoma "nane", anatazama jua, anaridhika na kuendelea na safari yake. Kosa limeangukia hasa kwenye hesabu yetu ya kuanza siku asubuhi, na laweza kukaa hapo miezi bila kulalamikiwa na mtu.

Nililikuta kosa hili katika kituo kimoja Tabora, kwenye saa iliyowekwa kuonyesha saa kumi na mbili badala ya ishirini na nne. Wafanyakazi waliniita kwa sababu nyingine kabisa: kumbukumbu za matangazo zilikuwa zikipangwa katika tarehe isiyo yake. Nilikagua kompyuta tangu mchana hadi jioni bila mafanikio. Aliyenifumbua macho ni mlinzi, mzee mtaratibu aliyekuwa akiandika tarehe katika daftari lake la zamu kwa kuitazama saa hiyo kupitia kioo cha mlango. Nilipomwamkia shikamoo na kumweleza kilichonileta, alinijibu, "Marahaba, mwanangu. Mimi naona hii inabadili tarehe asubuhi, ninapokabidhi zamu." Akafungua daftari: usiku kucha tarehe ya jana, na saa kumi na mbili asubuhi tarehe mpya. Saa iliyorudishwa nyuma saa sita hubadili tarehe saa kumi na mbili kamili asubuhi, na hakuna kosa jingine la kawaida lenye dalili hiyo. Iliyoachwa kwenye UTC hubadili tarehe saa tisa usiku.

Ushauri wangu ni kwamba saa yoyote ya aina hii iliyoko Tanzania ionyeshe saa ishirini na nne. Kosa la saa sita litaonekana kuanzia saa moja usiku, maana hakuna Mswahili atakayekubali kuona 14:00 ikiwa saa mbili usiku.

Tofauti ya sekunde

Muda wa setilaiti za GPS ulianza kuhesabiwa tarehe 6 Januari 1980 na tangu hapo haujawahi kuongezewa sekunde ya kusawazisha, ilhali UTC huongezewa kila wataalamu wanapoona mzunguko wa dunia umechelewa. Ya mwisho iliongezwa mwishoni mwa mwaka 2016, na kuanzia tarehe 1 Januari 2017 muda wa GPS umeitangulia UTC kwa sekunde 18. Kwa hiyo saa iliyo mbele kwa sekunde 18 imewekwa kutoa muda wa GPS badala ya UTC. Iliyo mbele kwa sekunde 37 inatoa muda wa atomiki wa kimataifa, ambao ndio unaotumiwa na PTP, itifaki ya kusambaza muda kwenye mtandao wa kompyuta. Katika hali hii saa yenyewe inaweza kuwa haina kasoro, na tatizo likawa kwenye kifaa kinachoupokea muda huo bila kutoa zile sekunde 37.

Sekunde 18 si kitu kidogo. Kigoma iko kandokando ya Bonde la Ufa, na vifaa vya kurekodi matetemeko hutegemea saa za namna hii. Mawimbi ya kwanza ya tetemeko husafiri katika tabaka la juu la ardhi kwa takriban kilomita 6 kwa sekunde. Kosa la sekunde 18 ni sawa na zaidi ya kilomita 100, umbali unaopita upana wa Ziwa Tanganyika, na tetemeko lililotokea upande huu linaweza kuandikwa limetokea ng'ambo.

Kosa la sekunde moja mbele, linalojisahihisha lenyewe baada ya dakika kumi na kitu, halihitaji fundi. Kifaa kilichowekwa stoo tangu kabla ya 2017 bado kinakumbuka sekunde 17, na taarifa mpya inatangazwa na setilaiti mara moja tu katika kila dakika 12 na nusu. Kiache antena yake ikitazama anga, usikiguse. Ikiwa baada ya saa nzima sekunde hiyo bado ipo, tazama kama mtu aliiandika namba hiyo kwa mkono katika mipangilio na kuzuia kifaa kisiisome kutoka angani. Irudishe kwenye hali ya kujisomea.

Tarehe ya miaka kumi na tisa iliyopita

Saa, dakika na sekunde ni sahihi kabisa, lakini tarehe ni ya miaka kumi na tisa na miezi saba hivi iliyopita. Chanzo ni hesabu ya wiki. Katika ujumbe wa asili wa GPS namba ya wiki ina nafasi ya kuhesabu 1,024 tu, kisha hurudi sifuri. Ilirudi sifuri Agosti 1999, ikarudi tena Aprili 2019, na itarudi Novemba 2038. Programu ya ndani ya kipokezi ndiyo inayokisia tuko katika duru ipi, na kipokezi cha zamani hukisia vibaya, wakati mwingine katika siku isiyohusiana na tarehe hizo, kwa kuwa mtengenezaji aliipima duru kuanzia mwaka alioitengeneza programu yake.

Usihangaike na antena wala kebo. Dawa ni programu mpya ya ndani kutoka kwa mtengenezaji. Ikiwa haipo, baadhi ya saa zina mpangilio wa kuongeza wiki 1,024, na zisizo nao ni za kubadilishwa kipokezi. Wakati huo ziondoe kwenye mtandao, kwa sababu kompyuta itakayoikubali tarehe hiyo itaanza kukataa vyeti vya usalama vya tovuti zote, na watu watatafuta tatizo mahali ambapo halipo.

Saa haijaloki

Mafundi husema saa "imeloki" inapokuwa imeshika setilaiti na kujirekebisha kwazo. Isipoloki, taa hubaki nyekundu au njano na skrini huonyesha setilaiti sifuri, au moja inayokuja na kupotea. Hapa mipangilio si mshukiwa wa kwanza. Kagua nje kwanza. Mawimbi haya husafiri zaidi ya kilomita 20,000 na hufika yakiwa dhaifu mno, na bati la paa linatosha kuyazima yote. Nimekuta antena zilizofichwa juu ya dari, chini ya bati, kwa kuogopa wezi. Hazitaloki hata ungebadilisha mipangilio mwaka mzima.

Tabora kuna jambo la pekee, nalo ni miembe. Antena iliyofungwa wakati mwembe ukiwa mfupi hufunikwa miaka michache baadaye, na majani yaliyolowa mvua huyapunguza mawimbi kuliko majani makavu, ndiyo maana malalamiko huanza Novemba na kwisha mvua zinapokatika. Usiombe mwembe ukatwe. Inua mlingoti. Antena ikae juu kuliko mgongo wa paa, kwa kuwa mawimbi yanayogonga bati na kurudi hufika yamechelewa, yakaidanganya saa kwa makumi ya nanosekunde. Penye vilima kama vile vinavyouzunguka mji wa Kigoma, ziamuru setilaiti zilizo chini ya nyuzi 10 au 15 kutoka upeo wa macho zisihesabiwe. Juu ya hapo anga la kwetu lina setilaiti za kutosha.

Kisha chukua mita. Chomoa kebo ya antena nyuma ya saa, upime umeme kwenye kiunganishi cha saa, kati ya pini ya katikati na kingo zake. Antena nyingi za aina hii hulishwa kwa volti 5 au 3.3 kupitia kebo hiyohiyo. Usipokuta kitu, angalia kama mipangilio imezima umeme wa antena au kama fyuzi ya ndani imekufa. Ukiukuta umeme, shida iko mbele zaidi, na mara nyingi iko mahali pamoja: kwenye kiunganishi cha juu, pale maji yanapoingia. Niliwahi kufungua kimoja kilichozungushiwa utepe wa umeme tabaka tano kwa uangalifu mkubwa. Ndani pini ilikuwa imegeuka kijani, na tone la maji lilikuwa limekaa kwenye sponji ya kebo kama umande kwenye jani. Utepe wa kawaida haufai juani. Tumia ule wa mpira unaojishikamanisha, uuzungushe kutoka chini kwenda juu ili mikunjo yake iyamwage maji kama vigae vya paa.

Tahadhari moja kuhusu kinga ya radi, ambayo katika mikoa hii si kitu cha hiari. Baadhi ya kinga huzuia umeme wa moja kwa moja (DC), ule unaoilisha antena, usipite, na saa itatangaza kwamba antena imekatika hali kebo ni nzima. Nunua ile inayoruhusu umeme huo upite, na uifunge kwenye waya wa ardhini ulio mfupi. Ama kuhusu kebo ya ungo wa televisheni, ambayo wengi hulaumiwa kwa kuitumia, sioni kosa kubwa ikiwa viunganishi vimefungwa vizuri. Kebo nyembamba ya redio ndiyo inayoua mawimbi, kwani katika masafa haya hupoteza nusu desibeli au zaidi kwa kila mita.

Imeona setilaiti nyingi lakini inazikataa

Dalili hii huwachanganya wengi. Skrini inaonyesha setilaiti nane zenye nguvu nzuri, juu ya desibeli 40, lakini saa haitaki kuloki. Uliza swali moja: je, saa hii imehamishwa? Kifaa cha kupimia muda kinahitaji setilaiti nne ili kujua kilipo, na kikishajua hukariri mahali pake, na tangu hapo hata setilaiti moja inatosha kukipa muda. Kikibebwa kwenye treni kutoka Tabora hadi Kigoma bila kufutiwa kumbukumbu hiyo, kitawashwa Kigoma kikiamini kiko Tabora, zaidi ya kilomita 300 mashariki. Hesabu za setilaiti hazitaafikiana hata moja, nacho kitazikataa zote. Futa mahali palipohifadhiwa, uagize kipime upya, na uache kipime saa kadhaa, au usiku na mchana mzima ikiwezekana.

Anayeandika mahali kwa mkono akumbuke kwamba sisi tuko kusini mwa ikweta. Latitudo ya Kigoma ni takriban nyuzi 4.9 kusini, kwa hiyo huandikwa ikiwa na alama ya kutoa, au herufi S. Alama hiyo ikisahaulika saa itajiona kaskazini mwa ikweta, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka ilipo. Longitudo, takriban nyuzi 29.6 mashariki, haina alama ya kutoa. Nitaje hapa jambo linalowasumbua wageni: muda wetu wa UTC+3 umepimwa kwenye longitudo ya nyuzi 45, na kila nyuzi ni dakika nne za jua, hivyo jua la Kigoma huchelewa takriban saa moja nzima nyuma ya saa. Ukiona adhuhuri ya jua inafika karibu na saa saba, usiisahihishe saa. Haina kosa.

Inaloki mchana, inapotea usiku

Ikiwa upoteaji huja kati ya saa mbili na saa sita usiku, zaidi katika miezi ya Machi, Aprili, Septemba na Oktoba, huenda antena haina hatia. Katika ukanda wetu wa tropiki, tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme huchafuka baada ya jua kuzama na kuyatikisa mawimbi, hasa miaka ambayo jua lina shughuli nyingi. Hakuna mpangilio wa kulizuia hilo. Unachoweza kufanya ni kuruhusu setilaiti za mifumo mingine, kama Galileo ya Ulaya, ikiwa kipokezi kinaziweza, na kuhakikisha kristali ya ndani, inayohesabu muda setilaiti zinapopotea, inaweza kuibeba saa hadi hali itulie. Kristali yenye oveni, yaani inayopashwa joto lisilobadilika, hubeba usiku mzima bila shida. Kristali ya kawaida inayokosea sehemu moja katika milioni kumi itapotea takriban milisekunde 8.6 kwa siku, kiasi kinachotosha kwa kompyuta za ofisi lakini kisichofaa kwa vifaa vya kulinda njia za umeme. Saa yenye oveni nayo ipewe muda wa kupata moto baada ya umeme kurudi, usiilaumu katika dakika za mwanzo.

Saa ni sahihi, kompyuta hazifuati

Hakikisha kwanza kwamba poti 123 ya UDP, mlango ambao muda hupitia kwenye mtandao, haijazibwa na ruta. Kisha tazama daraja (stratum) ambalo saa inajitangazia, yaani namba ya umbali wake na chanzo cha muda: 1 ni sawa, 16 maana yake saa yenyewe inakiri kwamba haijaloki, na kompyuta zinafanya vyema kutoifuata. Baadhi ya programu za muda za seva, kama ntpd, hukataa pia kurekebisha tofauti inayozidi sekunde 1,000, kwa kudhani kuna hitilafu, hivyo sahihisha kompyuta kwa mkono mara moja, kisha uiache ifuate. Kwenye vituo vya umeme vinavyotumia IRIG-B, yaani mawimbi ya kusambaza muda kwa kebo, kumbuka kwamba muundo wake wa zamani hubeba namba ya siku ndani ya mwaka bila mwaka wenyewe. Kifaa kilichokosewa mwaka kitakwenda vizuri hadi mwisho wa Februari, kisha huenda kikakosea kwa siku moja, ama kwa kuihesabu tarehe 29 isiyokuwepo, ama kwa kuiruka iliyopo.

Nanosekunde za kebo

Sehemu hii ni kwa wanaohitaji usahihi wa chini ya mikrosekunde tu, wengine waipite. Mawimbi huchukua takriban nanosekunde 5 kupita katika mita moja ya kebo ya plastiki ngumu, na takriban 4 katika ile ya sponji. Kebo ya mita 30 ya aina ya kwanza huchelewesha mpigo wa sekunde, yaani ishara ambayo saa hutoa kila sekunde inapoanza, kwa nanosekunde 150, na kiasi hicho huandikwa katika mpangilio wa ucheleweshaji wa antena. Kebo ikibadilishwa baada ya radi, wengi hupima kila kitu ila hiki. Kama tofauti uliyoipima ni mara mbili ya kiasi cha kebo, alama imewekwa kinyume.

Nikishamaliza marekebisho yoyote huandika katika daftari la kituo ukanda wa saa, latitudo na longitudo, ucheleweshaji wa kebo na toleo la programu ya ndani, kisha huiwasha upya saa mbele ya mwenyeji wangu. Kipimo cha mwisho kinahitaji subira. Kule Tabora nilikaa na yule mzee kwenye benchi lake hadi usiku wa manane, birika la chai katikati yetu, tukiitazama saa kupitia kioo cha mlango. Ilisoma 23:59:59, ikageuka 00:00:00, na tarehe ikabadilika papo hapo. Mzee akafungua daftari, akaandika tarehe mpya kwenye mstari wa saa sita usiku.